Sanduku la Besi la Baba

Hasira zangu ziko karibu, na ninajua nilizirithi wapi. Mimi hufunga redio na spika za magari, kibanda changu kiko Kawangware. Baba anagonga mabati Laini Saba, kando ya reli. Masanduku ya watoto wanaoenda bweni ndiyo yaliyotulisha. Amegonga mpaka masikio yamechoka. Sauti nzito bado anazipata, lori likipita au ngoma ikipigwa, lakini maneno ya watu yanampotea. Na jaribu kupaza sauti uone! "Usinipigie kelele! Kwani mimi ni kiziwi?" Basi unaongea taratibu, hasikii, mwishowe unachoka unaacha.

Jioni moja tukiwa mezani alitangaza kwamba msimu wa masanduku ukiisha anarudi ushago, kijijini kwetu, asirudi tena mjini. "Baba, usiende," nikasema, na mama naye akasema hivyo hivyo. Mzee akaendelea kumega ugali, macho kwenye sahani. Nikaona basi, ameshaamua. Niliumia, nikaondoka chakula kikiwa hakijaisha.

Wiki hiyo nilikuwa nataka boksi la sabufa, ile spika kubwa ya besi, la gari langu. Baba akanikuta na seremala akipima buti ya gari. Wueh!

"Sanduku? Mtoto wangu anunue sanduku kwa mtu mwingine?" Akamfukuza seremala wa watu. Kisha akanigeukia. Huniita mama kwa sababu nina jina la mama yake, na akilitamka kwa ile sauti, jua umemkosea. "Mama, leta vipimo."

Sasa, boksi la sabufa hutengenezwa kwa mbao nene, zisizotetemeka. Lakini baba na mbao wapi na wapi! Mzoea punda hapandi farasi. Ningemkatalia, ila sikuwa nimemwona akitaka kitu kwa muda mrefu. Nikampa vipimo.

Alilitengeneza kwa bati zito, kingo zimekunjwa hata hewa haipiti, rangi ya bluu, na, aki huyu mzee, akaweka mpaka pete ya kufuli. Nilicheka mpaka machozi. Tukaliweka kwenye buti ya gari nje ya karakana yake, nikafunga spika, kisha nikatoboa tundu la pili la paipu. Paipu ndiyo hupanga besi. Ikiwa ndefu, besi inashuka chini kabisa, ukiikata, inapanda. Kwa hivyo unaanza na ndefu, unakata, unasikiliza, unakata tena, na unaenda polepole kwa sababu ukizidisha huwezi kurudisha.

Nikaweka nyimbo za gitaa anazozipenda. Kipande cha kwanza nilichokata kilikuwa kirefu kama chupa ya soda.

"Bado," akasema. "Kata."

Nikakata kidogo. "Kata tena, mama, unaogopa nini?" Nikakata. Akainua mkono.

"Hapo! Usiguse!"

Alifumba macho, mabega yakaanza kucheza. Na kweli, besi ilikuwa imekaa. Lakini bati, jamani, bati lilikuwa linalia kama sufuria iliyojaa kokoto! Mama anayeuza dagaa wa omena hapo jirani aliziba masikio. "Mzee, hiyo kitu itatuua!" Baba hakugeuka hata. Alikuwa anatabasamu. Nilimpenda sana dakika hiyo, na moyo ukaniuma, kwa sababu mlio ambao sote tulikuwa tunausikia, yeye hakuwa anausikia kabisa.

Halafu akaweka kiganja juu ya sanduku, kulipongeza. Mkono ukasimama. Bati analijua kwa vidole kuliko mtu yeyote. Akalisikiliza kwa kiganja, akamtazama mama wa omena na mikono yake masikioni, kisha akanitazama mimi. Nikazima muziki.

"Linalia?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Sana?"

"Sana, Baba."

Akakaa kwenye stuli yake. Nilingoja anigombeze, ati nimefunga spika vibaya. Badala yake aliinama akaokota kile kipande kirefu cha paipu, akapuliza unga wa msumeno, akakiweka sikioni na kunielekezea upande wa pili.

"Ongea," akasema. "Na usinipigie kelele."

Nilipiga magoti kwenye vumbi, nikaweka mdomo kwenye paipu. Nilikuwa na maneno mengi, yote yakapotea, likabaki lile moja.

"Baba, usiende ushago."

Akaibana paipu sikioni.

"Siku ile nilipowaambia naondoka, hakuna aliyenijibu. Mlininyamazia wote."

"Hatukunyamaza, Baba."

Aliutazama uso wangu kwa muda. Kisha akaihamisha paipu kwenye sikio la pili.

"Hebu rudia," akasema.