Tarudi, Mama

Uso wa binti yangu ulikuja vipande vipande. Kwanza paji, halafu kidevu, katikati miraba ya rangi ya matope. Mimi nimevaa kitambaa changu cha kanisa. Nilikuwa nimetoka Kamukuywa hadi saiba ya Kitale kumwona kwa kompyuta, yeye akiwa Ulaya, na kumuuliza neno moja: unarudi ama hurudi? Baba yake alikuwa kitandani, tumbo limevimba, chakula amekataa. Alingoja jibu hilo tu.

Huyo mtoto nilimsomesha na jembe. Kijijini kwetu hakuna mwingine aliyepanda ndege. Nasema tu ukweli.

Mwenye saiba, mama wa miwani, aliniita kukhu, yaani bibi, akanieleza shida. "Kukhu, picha hubanwa ndiyo ipite, kama mitumba kwa belo. Mtandao ukiwa mbaya hivi, vipande vingine vinapotea njiani. Kompyuta haipendi kuacha shimo, inaziba na kipande cha zamani."

"Si uzuie visipotee?"

"Tumwambie apunguze picha huko kwake, ile nafasi itume sauti mara mbili. Ya kwanza ikipotea, ya pili inafika. Lakini uso utakuwa na ukungu."

"Nimekuja Kitale kuona ukungu? Ukungu si tunao kwetu kila asubuhi? Acha picha kubwa."

"Haya, kukhu. Macho ni yako."

Nikauliza swali langu. Uso ukakwama akicheka, kicheko cha zile salamu za kwanza. Nyuma ya kicheko sauti ikakwaruza, ikakatika, halafu ikaja: "...tarudi, mama."

Sasa kwetu nani husema "nitarudi" yote? Tunasema tarudi, taenda, takula. Nikapiga kigelegele hapo hapo, saiba nzima ikageuka.

"Mwambie arudie, kukhu," mwenye saiba akasema.

"Arudie ya nini? Si unaona anacheka?"

Mtandao ukakatika kabisa. Nikaenda zangu.

Nyumbani nikamwambia mzee, "Atarudi." Akaomba uji. Mtu aliyekataa hata maji, akamaliza kikombe na kulamba mdomo. Tangu hapo gari likinguruma barabarani anauliza, "Ni yeye?" Tukamgeuza kitanda aone mlango. Alikufa akiwa ameuangalia.

Tukaweka mwili mochari Bungoma, tukangoja. Kaburi lilichimbwa, mvua ikalijaza, likachotwa maji, likajaa tena. Wazee wa ukoo wakaanza kunung'unika, ati mtoto gani huyu wa kungojwa na maiti. Ndipo binti akapiga simu, ile ya sauti tu, na siku hiyo sauti ilikuwa safi kama maji ya mlimani.

"Mama, mbona mnaningoja? Makaratasi yangu bado. Nikitoka huku siruhusiwi kuingia tena. Si nilikwambia sitarudi?"

"Ulisema tarudi."

"Nilisema si-ta-rudi. Nilikuwa nalia, mama. Na wewe ukapiga kigelegele."

Tulizika kesho yake, udongo ukiwa tope.

Watu husema ningekubali ukungu. Wacha waseme. Wao hawajazaa mtoto wakakaa miaka bila kumwona sura. Mpaka leo hajarudi, na nikifunga macho simwoni analia. Namwona anacheka, kicheko kile kile cha zamani, kilichowekwa pale kuziba shimo.