Ng'ombe ya Nyuzi ya Léonie

"Uliua ng'ombe yangu, papa Védaste! Uliua, ukakata-kata, na leo unapita hapa kunisalimia!"

"Nilikusukuma toka Sake mpaka Mugunga juu ya chukudu, mama. Bila mimi ungekuwa maiti."

"Maiti hadai mutu. Mimi niko muzima, na ninakudai."

Hivyo ndivyo Léonie na jirani yake walivyoamkiana mwaka muzima. Sisi wengine wa kambi ya wakimbizi hapa Mugunga tulichoka hata kucheka.

Léonie ni mutu wa Masisi. Polio ilimukausha muguu na mukono wa kuume angali mutoto. Kazi yake hakuna aliyemufundisha. Alifumua magunia ya maharagi, akasuka nyuzi kwa mukono mumoja na meno, akazungushia majani makavu mpaka yakawa kuku, mbuzi, mama anayebeba kuni. Kuna walioita vile michezo ya watoto. Hao macho wanayo ya kukwepa mashimo tu.

Ile ng'ombe aliifanyia Sake, kimo cha mbuzi, pembe ndefu kama za ng'ombe wa kwao. Kitu kikubwa namna ile mukono mumoja hauwezi. Mama yake ndiye aliyebana majani kwa magoti mwezi muzima, Léonie akizungusha nyuzi na kukaza. Walipomaliza, siku hazikupita nyingi, mama akafa.

Mwaka elfu mbili kumi na mbili vita vikafika Sake, kila mutu akakimbia na miguu yake. Védaste alikuwa na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Akamupandisha Léonie, akaanguka. Akamupandisha tena, akaanguka. Kamba hana, na risasi zinakaribia. Basi akashika ng'ombe, akaipasua tumbo, akaifumua, akamufunga Léonie kwa nyuzi zake kama gunia la makala ya kupikia. Njia yote Léonie alilia, na si kwa ajili ya risasi.

Tangu hapo alifanya vitu vidogo tu.

Védaste aliposhindwa na kelele, akaleta magunia kumi. Léonie akayasukuma kando.

"Nyuzi ninazo. Ninakosa magoti."

"Magoti?"

"Ya kubana. Mama yangu alibana mwezi muzima. Na wewe utabana mwezi."

Mwanaume na ndevu zake akakaa chini mbele ya watu, majani katikati ya magoti. Wanawake waliotoka kuteka maji walitua bidoni zao kumutazama.

"Bana! Unaogopa nini, itakupiga teke?"

"Magoti yanauma, mama Léonie."

"Shukuru. La kwangu hili halijui hata kuuma."

Alikuja kila siku, akinung'unika. Tumbo likajaa, shingo ikasimama, pembe zikakaa sawa. Siku ya kumi na saba alikuwa anajikunja akae, Léonie akamuzuia kwa fimbo yake ya kutembelea.

"Enda kwako, papa. Tumemalizana."

"Mwezi haujaisha. Na mukia?"

"Mukia ninauweza mwenyewe."