Malkia wa Punje ya Kahawa

Mpaka leo siivumilii harufu ya kahawa ya kutafuna. Mgeni akinyooshewa kikapu, mimi hutoka nje.

Likizo ile dada yangu alinifundisha sataranji aliyojifunza shuleni. Tulichora ubao kwa mkaa juu ya kipande cha boksi. Jeshi langu lilikuwa maharage. Lake lilikuwa kahawa kavu ya mama, na malkia wake alikuwa punje nene aliyoifunga uzi wa mgomba. Alikuwa karibu kunishinda wageni walipoingia.

"Shikamooni," tukawaamkia.

Mama akatazama kikapu, kitupu. Kwetu mgeni hakai bila kahawa, basi akazikusanya zetu kutoka ubaoni.

Mzee mmoja akatafuna, kisha akavuta uzi mdomoni. "Hii nini tena?"

"Michezo ya watoto," baba akasema.

Dada akacheka, kajiziba mdomo kwa kiganja. Hakujua kwamba wamekuja kumposa yeye. Baba alijua. Mama, aliyekusanya kahawa bila kututazama, naye alijua.

Shule zilipofunguliwa, nilivaa sare ya dada. Ilinipwaya mabegani. Mama akasema nitaijaza tu.