Mkono wa Karani wa Malalamiko

Karani wa malalamiko wa shirika la umeme hakuwa na mchoro ukutani. Alikuwa na mkono wake wa kulia. Mteja akifika dirishani anafoka, yeye alikunja shati polepole mpaka begani, kama anayesubiri kudungwa sindano, kisha akaanza somo. Begani ndiko umeme unakozalishwa. Hilo ni shirika jingine. Kiwiko ni wale wa nyaya kubwa, wanaousafirisha. "Sisi ni vidole tu, tunaugawa majumbani." Halafu mkono wa kushoto ulikuja ukakibana kifundo cha wa kulia: "Na huyu ndiye mdhibiti. Anatubana hapa tusijipangie bei." Mwenzake wa dirisha la pili alilijua somo hilo kama jina lake, na bado aliacha kazi akasikiliza, kwa ajili ya ile sauti ya mtu anayembembeleza mtoto alale. Wengi waliondoka wamepoa, ingawa nyumbani giza liliwangoja palepale.

Jana alikuja bibi ambaye umeme wake umekatika, na dawa ya sukari ya mumewe imo kwenye friji. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akapenyeza mkono chini ya kioo, akavishika vidole vya karani.

"Kwa hiyo ninyi ndio vidole hivi, mwanangu?"

"Ndio hivi, bibi."

"Basi siviachii."

Karani alicheka, akajaribu kuvichomoa, akaacha. Mkono wa kushoto, ule wa mdhibiti, ukaiendea simu ya mafundi.

"Pelekeni ngazi nyumbani kwa bibi huyu sasa hivi," alisema. "Hapana, siwezi kungoja. Nimeshikwa."