Mvua ya Kwanza Juu ya Bati

Mwaka ule sikuwa mtu wa kutulia. Nyuma ya nyumba tuliyopanga Mkuyuni, tajiri mmoja alifungua karakana ya kuyeyusha betri chakavu za magari, atoe madini ya risasi yaliyomo ayauze. Ilikuwa enzi ya ruksa. Mwenye mtaji alifungua alichotaka, na majirani walishangilia ajira. Mimi nishangilie nini? Moshi ulikuwa mchungu hadi kwenye meno. Mchana upepo wa ziwani uliusukuma kwetu moja kwa moja, nami nikawa wa kufunga madirisha, kufungua, kufunga tena. Nguo nilizianua zina vumbi la kijivu, nikazifua upya huku nikitukana.

Binti yangu ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea. Tumbo likaanza kumkaza, chakula akakikataa, na maneno machache aliyokwisha kuyajua yakapotea. Niliogopa sana. Nikapiga marufuku maji ya ziwa, maana viwanda vya samaki vilimwaga uchafu wao humo.

Mama mkwe, aliyekuja kutoka Misungwi kunisaidia kulea, aliniunga mkono. Kiangazi kilikuwa kirefu. Mawingu yalipojikusanya, alikimbia kutega pipa chini ya bati kabla hata tone halijaanguka.

"Mvua ya kwanza haiachwi, mwanangu," alisema. "Ndiyo yenye baraka. Kwetu mtoto huyanywa maji yake kabla ya mkubwa."

Alimnywesha mwenyewe, kikombe kwa kikombe, siku baada ya siku, akimwimbia. Maji yametoka mbinguni, nani angeyashuku?

Pipa lilipokaribia kwisha, mtoto alikuwa hawezi tena kusimama. Nikainama kukomba maji ya mwisho, mkono ukazama kwenye tope zito la kijivu, rangi ile ile ya nguo zangu. Nikainua macho: bati letu, na juu yake bomba la karakana. Kiangazi kizima moshi ulikuwa ukitua pale, na mvua ya kwanza ndiyo iliyouosha wote.

Nililipiga pipa teke. Tope likamwagika mtaroni. Mama mkwe alikitazama kikombe mkononi mwake, machozi yakimtoka.

Nikamfunga mtoto mgongoni nimkimbize hospitali. Mama mkwe naye akachukua ndoo.

"Ngoja nikamchotee ya ziwani," alisema, "mkirudi asikose maji."

Akashika njia ya kuteremka ziwani, kando ya mtaro. Maji ya kijivu yalikuwa yameshamtangulia.