Begi Lililofungwa kwa Kufuli

Kwa miaka sita nilibeba kamera zangu katika kikapu cha magurudumu, kile ambacho mabibi wa mtaa wa Jette, huku Ubelgiji, hukikokota Jumapili wakienda sokoni. Sikuona aibu. Siku za kazi nahudumia wagonjwa hospitalini, nawaosha, nawageuza kitandani, na ikifika Ijumaa mgongo wangu hautaki kusikia habari ya mzigo. Kikapu kilikuwa cha bluu chenye mistari. Kamera mbili zilikaa chini, lenzi juu yake zikiwa zimeviringishwa kwenye taulo, na stendi ya miguu mitatu ilichomoza nje kwa sababu ilikuwa ndefu mno. Niliifunika kwa mfuko wa plastiki wa kijani.

Jumapili moja nilikuwa naenda kupiga picha za ubatizo, nikasimama sokoni kununua kipande cha jibini. Kanisani nilifungua kikapu nikakuta viazi, siagi na fungu la liki, zile mboga jamii ya kitunguu ambazo huku huitwa poireaux, majani yake ya kijani yamechomoza juu vizuri kabisa. Padri alikuwa ameshachota maji. Ubatizo wote nikaupiga picha kwa simu. Jioni mwenye liki, ambaye tulibadilishana vikapu sokoni bila kujua, akanipigia, maana namba yangu ilikuwa imebandikwa kwenye stendi. Alikuwa bibi wa Kibelgiji mwenye sauti ya upole. Alisema hajagusa kitu, ila lenzi moja ameiweka kwenye friji, kwa kuwa hakujua ni nini na aliogopa isiharibike.

Mama mdogo, yaani mdogo wake mama yangu, aliposikia habari hiyo hakucheka. Yeye ndiye aliyenilea Bukavu, sasa anaishi Ganshoren, mtaa wa jirani, na nusu ya wateja wangu ni yeye aliyeniletea. Nina miaka arobaini na sita lakini kwake bado ni mtoto.

"Mutoto wangu," alisema, "bantu ba picha banabebaka ku mugongo. We unakokota poireaux. Samedi tunaenda kununua sac."

Jumamosi hiyo nilikuwa na kazi ya sherehe ya mahari saa nane mchana, katika ukumbi ulio karibu na kwa Mama mdogo. Vifaa nikaviacha nyumbani kwake, tukapanda tramu asubuhi mpaka Uccle, upande wa pili wa jiji, ambako nilikuwa nimeambiwa kuna duka dogo la mabegi ya wapiga picha. Wote wawili tulikuwa tumeshavaa vitenge vya sherehe, ili tukirudi tusipoteze muda.

Mwenye duka alikuwa mwanamume mrefu, mkimya, mwenye tepu ya kupimia shingoni kama fundi cherehani. Hakuniuliza nataka begi la rangi gani. Alinigeuza nikatazama ukuta, akanipima mgongo kutoka shingoni hadi kiunoni, akaandika. Kisha akaniuliza nina vifaa gani, kimoja kimoja. Kwa kila nilichotaja alienda nyuma akarudi na kifuko cha mchanga, akakiweka kwenye mizani, akapunguza au kuongeza kwa kijiko, akakishona mdomo.

"Na stendi?" aliuliza. "Urefu gani ikikunjwa?"

Nilimwonyesha kwa mikono. Akapima mikono yangu kwa tepu, akaleta mpini wa ufagio, akaukata kwa msumeno pale pale kaunta, akauzungushia vifuko viwili vya mchanga kwa utepe wa gundi. Mama mdogo alikuwa amekaa kwenye kiti akitazama yote haya kwa heshima kubwa.

"Ule muzungu ni serieux," alininong'oneza, yaani hafanyi mchezo.

Nilijaribu mabegi manne, yakiwa yamejazwa vifuko hivyo. La kwanza lilifungukia mgongoni, kwa hiyo ukitaka kamera lazima ulivue kabisa ulilaze chini. La pili lilifungukia ubavuni, lakini stendi ilikaa upande mmoja nami nikawa naegemea. Mama mdogo akasema natembea kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani ukutani. La tatu lilikuwa zuri ila lilinifanya nionekane naenda kupanda mlima. La nne lilibeba stendi katikati ya mgongo, mpini ukipita juu ya kichwa changu kiasi cha shubiri mbili, na mzigo wote ukakaa kiunoni. Nilizunguka duka mara tatu. Sikusikia maumivu.

"Huwezi kujua humu ndani," mwenye duka alisema. "Nenda nje. Panda kilima, shuka, dakika ishirini. Niachie kitambulisho."

Nikampa kitambulisho. Ndipo akatoa kufuli dogo mfukoni, akalipitisha kwenye bizimu ya mkanda wa kiunoni, akalifunga, kisha akafanya vivyo hivyo kwenye mkanda wa kifuani. Alieleza kwa utulivu kwamba mteja mmoja alikaa kwenye mkahawa kunywa kahawa wakati wa majaribio, begi likaibiwa. Tangu hapo anawafungia.

"Lakini ni mchanga," nilisema.

"Mwizi hajui, madame."

Tulitoka, tukapanda kilima, tukashuka. Mama mdogo alinifuata nyuma akitoa taarifa za mgongo wangu. Tuliporudi, mlango ulikuwa umefungwa na kwenye kioo kulikuwa na karatasi: *Dharura ya jino. Nitarudi.* Saa haikuandikwa. Nikapiga namba ya duka, tukasikia simu ikilia ndani, juu ya kaunta, karibu kabisa na kitambulisho changu.

Tulingoja kwa saa nzima na robo. Ilipofika saa saba kasorobo Mama mdogo aliinuka kwenye ngazi alipokuwa amekaa.

"Bon. Bibi arusi hawezi kungojea meno ya muntu. Tuende."

"Na hili begi?"

"Si uko nayo?"

Nilifikiria mkasi. Lakini kukata mkanda kungekuwa kulinunua begi kabla sijalichagua, tena likiwa bovu. Tukapanda tramu. Kulikuwa na watu wengi, na mzee mmoja mwenye koti la mvua akaniambia kwa adabu kwamba ndani ya tramu watu huvua mabegi.

"Siwezi, limefungwa kwa kufuli," nilimwambia.

"Nani kalifunga?"

"Mwenye duka."

"Kwa nini?"

"Nisiibiwe."

Alinitazama, akautazama mpini uliokaribia dari, akafikiri. "Ni sawa kabisa," alisema, akanipa nafasi.

Tulifika Ganshoren tukiwa tumechelewa robo saa. Nilichukua kamera mbili kwa Mama mdogo, nikazining'iniza shingoni, nikaingia ukumbini na kilo kumi na kitu za mchanga mgongoni. Sasa hapa nataka nieleze jambo ambalo mpaka leo sijalielewa vizuri. Miaka sita yote, nikiingia na kikapu changu, watu walinielekeza jikoni. Siku hiyo watu waliokuwa wamesimama mlangoni waligawanyika pande mbili. Mtu mmoja alinisogezea meza. Baba wa bibi arusi, aliyekuwa hajawahi kuniona, alikuja kunisalimu kwa mikono miwili.

"Maman, njo we photographe?"

"Ndimi mpiga picha, papa."

"Inaonekana." Akaligonga begi kwa kidole, likatoa sauti nzito. "Iko nini mule?"

"Vitu vizito tu, papa."

Aliitikia kwa kichwa, ameridhika, akaenda kuwaambia wengine. Nikasikia neno *professionnelle*, yaani fundi wa kweli, likizunguka ukumbini. Tangu hapo kila nilichoomba nilipewa. Nikisema msogee, wanasogea, hata wazee. Nilipochuchumaa kuwapiga picha wasichana waliokuwa wanacheza, nilishindwa kuinuka, na kina mama wawili walikuja wakaniinua kwa makwapa bila kuuliza, kana kwamba ndivyo kazi hiyo inavyofanywa. Sikukaa, sikunywa maji, maana sikutaka kujikuta chooni na makufuli mawili. Nilipogeuka ghafla mpini ulimvua kofia mjomba wa bwana arusi. Aliiokota akaniomba msamaha.

Kisha ikaja orodha ya mahari. Msemaji wa upande wa bibi arusi alikuwa anasoma kitu kimoja kimoja, na msemaji wa upande wa bwana arusi anakileta mbele: blanketi, suti ya baba, vitenge vya mama, sukari, chumvi. Nilikuwa napiga picha karibu yao.

"Fimbo ya tonton," alisoma.

Tonton, yaani baba mkubwa, alikuwa mzee wa ukoo, kaka mkubwa wa baba wa bibi arusi, amekaa mbele, mikono juu ya magoti. Upande wa bwana arusi walianza kutazamana. Fimbo ilikuwa imesahaulika. Mmoja akasema iko ndani ya gari, mwingine akasema hapana, iko nyumbani Charleroi. Msemaji wa upande wa bibi arusi akakunja karatasi taratibu, akasema bila fimbo hakuna anayesoma mstari unaofuata.

Hapo msemaji wa bwana arusi akanitazama. Hakunitazama mimi, aliutazama mpini.

"Maman," alisema kwa sauti ya chini, "ile muti ku mugongo yako, unaikopesha?"

"Si yangu, ni ya duka."

"Ni ya dakika mbili. Symbole tu, ishara."

Ningeweza kukataa. Lakini ukumbi mzima ulikuwa unaningoja, bibi arusi alikuwa nyuma ya pazia anatoka jasho, na Mama mdogo kutoka kiti chake alinikazia macho yale ya Bukavu. Nikageuka. Wanaume wawili walifungua kamba za stendi, wakauchomoa mpini na vifuko vyake vya mchanga. Msemaji akaufuta kwa leso, akaushika kwa mikono miwili, akapiga goti mbele ya tonton. Nami nikapiga picha, maana hiyo ndiyo kazi yangu.

Tonton aliupokea. Akaupima mkononi, akauangalia mchanga uliozungushiwa, akaugonga sakafuni mara moja. Nilikuwa nimeshajiandaa kwa aibu.

"Iko nzito," alisema mwishowe. "Ba vijana ba leo banaletaka fimbo ya plastique. Hii ni ya muntu."

Watu wakapiga vigelegele, orodha ikaendelea. Dakika mbili zilipita, na saa nzima, na hakuna aliyethubutu kwenda kumwomba mzee fimbo yake. Alipoondoka aliondoka nayo, akiiegemea hadi kwenye gari.

Saa kumi na moja na nusu nilirudi Uccle peke yangu. Duka lilikuwa wazi. Mwenye duka alikuwa na shavu moja lililovimba, na mdomo wake haukuwa umeamka bado kutoka kwenye ganzi, kwa hiyo yeye aliongea kwa kuandika. Hakuandika pole. Aliandika: *Mabega?*

"Hayaumi," nilisema, na nilipolisema nikagundua ni kweli. Nilikuwa nimelibeba tangu asubuhi, nikachuchumaa, nikapanda tramu mara mbili, na mgongo wangu wa hospitali haukuwa umelalamika hata mara moja.

Akafungua makufuli. Lilipotoka nilijikuta nasogea mbele hatua mbili bila kupenda, nikashika kaunta. Akahesabu vifuko, akatazama pale mpini ulipokuwa, akaandika alama ya kuuliza.

"Nimeutoa mahari," nilimwambia.

Alishika shavu lake. Kisha akaandika: *Bwana arusi ni mwema?*

"Anaonekana mwema."

Akainua mabega, akanirudishia kitambulisho, akaanza kulipangusa begi, nami nikalinunua. Sikulinunua kwa sababu ya ubora wake hasa. Nilikuwa nimeshajifunza kupita nalo milangoni, na sikutaka kuanza upya na lingine.

Jumatatu baada ya kazi nililijaza kwa mara ya kwanza vifaa vyangu vya kweli, stendi katikati, mikanda imekazwa. Lilikuwa jepesi kuliko siku ya sherehe, tena kwa tofauti kubwa. Nilidhani nimesahau lenzi, nikatoa vyote, nikavihesabu, vilikuwa kamili. Nikampigia mwenye duka. Sasa aliweza kuongea.

"Niliongeza kilo mbili na nusu za mchanga," alisema. "Wapiga picha huja wakiwa na vifaa walivyo navyo. Mimi hupima na vile watakavyonunua."

"Mimi sina mpango wa kununua kitu."

"Sawa, madame," alisema, kwa sauti ya mtu ambaye hataki kubishana, akaniuliza kama lenzi yangu ndefu inaanza kuchoka.