Mikono ya Watu wa Fellowship Kwa Gari Yangu ya Viti Viwili

Wakuu, hamjambo nyote. Nimeona mnaitana hivyo humu ndani kwa hivyo na mimi naita.

Mimi ni mzee, naandika na kidole moja, na shule niliwachia darasa la nne. Mkiona spelling imeenda kando mnisamehe, lakini hii stori ni yangu na hakuna mahali nimeongeza chumvi. Mwenye hataamini aje aone hiyo mlango ya gari na macho yake. Nitaelezea ni mlango gani.

Kazi yangu maisha yote ilikuwa panel beating. Nilikuwa kwa garage moja hapo nyuma ya River Road, tukinyoosha mabati ya magari ya watu wenye wamegongana. Ukifanya hiyo kazi sana unaanza kuona watu wote kama wamebonyea mahali. Hiyo ni kando.

Sasa, kuna mama mmoja mzungu alikuwa anaishi Spring Valley. Mjane. Nilikuwa nimemnyooshea fender, ile bati ya juu ya tairi, akanipenda kazi, akawa ananiita kwake kwa vitu vidogo vidogo. Siku moja nazunguka nyuma ya nyumba kutafuta bomba ya maji, naona kitu chini ya maua. Naangalia vizuri, ni gari.

Si gari ya kawaida. Ile ya michezo, ya Mwingereza, ndogo, iko chini kama sufuria, milango mbili, viti viwili, haina paa, ni turubai tu unavuta ikinyesha. Jina ya kampuni siandiki, maana najua nyinyi, mtawacha stori muanze kubishana engine.

Ilikuwa ya bwana yake. Tangu azikwe hakuna mtu aliiwasha. Kuku zilikuwa zimetaga ndani. Panya walikuwa wamekula waya zote, na mimi mpaka leo sijui panya anapata utamu gani kwa waya.

Huyo mama akaniona venye nimesimama. Akaniuliza kama naitaka. Nikamwambia mimi ni maskini. Akasema hauzi, ananipea, bora niape sitaikata vipande niuze. Nikaapa hapo hapo kando ya kuku.

Tuliivuta na kamba nyuma ya pickup mpaka Kangemi mahali nilikuwa naishi. Wapangaji wenzangu wa plot wakatoka nje. Jirani mmoja akaniuliza kama nimeokota ama nimeadhibiwa.

Na sasa niwaambie juu ya mama watoto, kwa sababu hii stori ni yake zaidi.

Mama Kageha ni Mkamba wa Machakos, mimi ni Mragoli. Amesuka watu nywele Kenyatta Market mpaka kidole yake ya mwisho ya mkono wa kulia ikajikunja, hainyooki tena. Wekeni hiyo kidole kwa akili. Ni mtu wa maneno machache. Siku hiyo gari ilikuja aliizunguka mara moja, akachungulia ndani, akaenda kupika muthokoi. Hakusema kitu.

Wakuu, mwanamke akikosa kusema kitu ndio ujue ameongea.

Nilitengeneza hiyo gari miaka mingi, polepole, Jumapili na sikukuu. Hii ndio hobby yangu, wengine wako na pombe. Floor ilikuwa imeoza nikakata bati mpya nikachomelea. Waya nikapitisha zote upya. Iko na kaburetor mbili, na lazima zivute hewa sawasawa, ama gari inakohoa. Hakuna haja ya mashine. Unachukua mpira ya hose, mwisho moja unaweka kwa mdomo ya kaburetor, ingine kwa sikio, unasikiliza. Ukisikia hii inapiga kelele kushinda ile, unafungua skrubu kidogo. Mama Kageha akinipata hivyo alikuwa ananiuliza kama mtoto amelala vizuri.

Alikuwa anaiita "bibi mdogo". Nguo kwa kamba zikiguswa na moshi, ni bibi mdogo. Nikichelewa chakula, ni bibi mdogo.

Basi tukaamua kurudi nyumbani Maragoli. Watoto wamekuwa watu wazima, magoti yangu imekataa kuchuchumaa, na mwenye plot anataka kujenga ghorofa. Tukapanga lori ya kubeba vitu Ijumaa ya mwisho wa mwezi.

Hapo ndio Mama Kageha alitoa amri yake. Alisema gari ikiwa imeisha kufika hiyo Ijumaa, itaenda nyumbani na miguu yake. Ikiwa bado, anaita watu wa skrepa, kwa sababu hataenda kuanza maisha huko na takataka ya Nairobi. Na akiongea hivyo anamaanisha. Aliwahi kuuza sofa karibu nikiwa bado nimeikalia.

Mimi sikuogopa. Engine ilikuwa inaimba. Breki sawa. Ilibaki rangi peke yake, na rangi ndio kazi yangu. Nilikuwa nimetafuta ile kijani ya giza, kama ile ya mwenyewe wa kwanza.

Kabla ya hapo kuna kitu nilisahau kusema. Pastor wa kanisa ya Mama Kageha, kijana tu mwenye tabia nzuri, alikuwa amenipitia akasema wangependa kuombea gari kabla ya safari. Mnajua hiyo mambo. Mtu akinunua gari, ama hata bodaboda, fellowship inakuja, wanaweka mikono, wanapaka mafuta, wanaimba. Nikamwambia pastor hii gari inataka gasket kwanza, maombi baadaye. Akacheka, akaenda. Mimi nikadhani imeisha.

Jumamosi kabla ya ile wiki ya kuhama, nimepiga primer, ile rangi ya chini, nimeisugua na msasa wa maji mpaka bodi ni laini kama sahani. Nikaipanguza yote na thinner. Wenye mnapaka rangi mnajua, baada ya hapo hakuna mtu anaguza. Hata wewe mwenyewe huguzi. Nikaifunika na shuka safi, nikateremka River Road kuchukua rangi yenye nilikuwa nimeagiza wachanganye.

Huko nikakawia. Mwenye kuchanganya alikuwa ameenda kula, tukamngoja, nikakutana na fundi mwenye tulifanya kazi naye zamani, mkono yake moja sasa haifanyi. Tukaongea. Yeye ndio aliniambia kitu nimekumbuka mpaka leo, lakini si ya hii stori, wacha.

Narudi jioni, gari iko vile niliwacha, shuka imekaa vizuri. Hata ilikuwa imekaa vizuri kunishinda.

Jumapili asubuhi nikaamka mapema, maana hiyo saa hakuna upepo na vumbi imelala. Nikatoa shuka, nikawasha compressor ya kukodi, nikaanza na bonnet. Rangi inatoka vizuri, inang'aa. Nikasema moyoni, mzee, hii ndio yako ya mwisho na ndio bora.

Nikazunguka gari yote, fender, boot, milango, nikamaliza safu ya kwanza. Nikageuka kuangalia nyuma.

Bonnet imefungua macho.

Mwenye hajui, macho ya samaki ndio tunaita. Rangi inakataa kukaa mahali, inakimbia, inawacha vishimo viduara mpaka unaona primer. Kimoja kikianza vingine vinafuata. Nikasema thinner ni feki. Nikasema compressor imetema maji. Nikafungua tap ya chini, iko kavu.

Nikaangalia tena. Hivyo vishimo havikuwa ovyo. Vilikuwa vinakaa pamoja. Vitano juu, kimoja kikubwa chini. Pale ingine. Kwa fender, ingine. Kwa boot, mbili kando kando.

Ni mikono, wakuu. Gari yote ilikuwa imejaa mikono ya watu.

Nikafikiria watoto wa plot. Lakini hizi ni mikono ya watu wakubwa. Nikaendelea kuzunguka na spray gun kwa mkono, rangi inadondokea kiatu. Nikafika mlango ya kushoto, ule wa abiria. Hapo kuna mkono moja tu, peke yake, umekaa katikati. Vidole vinne vimenyooka.

Cha mwisho kimejikunja.

Nilizima compressor. Nisiwadanganye, nilikasirika vibaya. Nilijua tu, huyu ameona gari itaisha, na ameamua isiishe. Lori inakuja Ijumaa, skrepa wanakuja Ijumaa. Amepata njia.

Nikaingia nyumbani. Amevaa sare yake ya kanisa, anamimina chai.

Nikamuuliza, "Mama Kageha, mlifanyia nini gari yangu?"

Akasema, "Tuliiombea."

"Na nini?"

"Na mdomo. Na mafuta ya olive. Pastor aliwekea kila mtu kidogo kwa kiganja. Tulifunika shuka vizuri, usituambie tuliwacha wazi."

Nikamwambia mafuta na rangi haziwezi kukaa nyumba moja. Nikamwambia kazi yote imeharibika, si angesema tu hataki hiyo gari iende. Nilisema na zingine mbaya hapo, sitaziandika.

Aliweka birika chini. Akatoka nje na mimi nikamfuata. Akazunguka gari pole pole, anaona mikono ya wenzake, ya pastor kwa bonnet, ya Mama Ndunge wa kanisa yao kwa boot, maana Mama Ndunge ni mkubwa na mkono yake pia. Akafika kwa yake, akasimama.

Akasema, "Hiyo barabara ya Western inamaliza watu kila siku. Na hii kitu yako haina hata paa. Ulitaka niingie ndani hivyo hivyo bila kuombewa?"

Nikamuuliza, "Uingie wapi?"

Akaniangalia kama mtu mwenye amechoka na mimi kutoka zamani.

"Kiti ziko mbili, Baba Kageha. Hiyo ingine ulikuwa unafikiria ni ya nani?"

Wakuu, nitasema ukweli kwa sababu niliahidi. Hiyo kiti nilikuwa nimepangia jeki na toolbox.

Macho yangu ilienda kwa toolbox. Naye akaona. Alicheka mpaka akashika kiuno, na mimi nikashindwa kukasirika peke yangu. Hakuenda kanisa siku hiyo. Alivua sare, akavaa leso, akakuja na ndoo ya maji moto na sabuni ya vyombo. Kumbe hiyo ndio huanza kutoa mafuta vizuri kabla ya thinner. Mtu mwenye amekosha sufuria maisha yote hahitaji kufundishwa grisi.

Tulisugua mpaka Jumanne jioni. Jirani yule wa kuuliza maswali akasema sasa Mzee amepata turnboy wa kumsaidia kwa gari. Mama Kageha akamwambia yeye ndio dereva, mimi ndio turnboy.

Tukatoa mikono yote. Ya pastor, ya Mama Ndunge, yote mpaka primer, thinner, primer tena, msasa tena. Nikamwambia sasa hakuna mtu anakaribia hata na macho. Akapeleka habari kwa fellowship. Wakasema wataombea wakiwa mbali.

Lakini ule mlango wa kushoto, nilipofika kwa huo mkono moja, sikuusugua. Nilipanguza mafuta tu na thinner, polepole. Vishimo nikaviwacha, nikapaka juu yake. Ukisimama mbele huoni kitu, ni kijani tu. Ukisimama kando jua ikipiga, unauona. Hata kidole.

Kazi ya fundi ni kuficha alama. Mimi nimeficha za watu maisha yote. Hii hapana.

Alhamisi ikawa imekauka ya kutosha. Akasema kabla ya kuhama anataka kuenda Kenyatta Market kuaga wenzake wa salon, na hataenda na miguu. Akajifunga leso kwa kichwa, akaingia. Kuingia ni kazi, iko chini, na magoti yetu ni yale yale. Tukatoka Kangemi tukashika Waiyaki Way. Sikupita sitini. Watu wanapiga horn, wengine wanatoa simu kupiga picha. Yeye ameangalia mbele tu kama bibi ya minister.

Tulipofika wanawake wote walitoka, mpaka wateja wenye nywele nusu wamesukwa. Wakazingira gari. Mmoja akanyosha mkono apapase bonnet.

Mama Kageha akasimama ndani ya gari. "Ondoeni mikono," akasema. "Nyote mko na mafuta ya nywele. Hii rangi haitaki mafuta."

Ijumaa lori ilikuja. Watu wa skrepa hawakuitwa. Toolbox ilienda na lori.

Sasa tuko nyumbani. Kila Jumamosi naiwasha hata kama hatuendi mahali, maana gari ya zamani inaharibika kwa kukaa kushinda kwa kutembea. Barabara ya murram inatupa mawe kwa rangi na mimi narekebisha na brashi ndogo. Siku hizi hiyo mpira ya hose tunasikiliza kwa zamu. Yeye ako na sikio mzuri kunishinda, nimekubali.

Chenye nilijifunza ni hivi. Ukisha panguza bodi na thinner, usitoke nyumbani. Na kama unatengeneza gari ya viti viwili, muulize mwenye mnaishi naye kama atakalia hiyo ingine. Mimi sikuuliza miaka yote hiyo, nilikuwa nangoja aseme. Na yeye alikuwa anangoja niulize.

Kama kuna mwenye amewahi kutoa macho ya samaki bila kurudia bodi yote, aniambie alifanyaje. Na natafuta rubber ya windscreen ya gari kama hii, yangu imepasuka na mama analowa upande wake. Andikeni hapo chini, nasoma zote, ni kujibu tu ndio nachelewa, kidole ni moja.